Amri Zisizofuata Kanuni

Katika vitabu vingi vya sarufi tulivyofundishiwa, somo la amri huwa ni somo fupi. Mwandishi hutoa kanuni yake kwa mistari mitatu: chukua kitenzi, uondoe ku-, nacho kitakuwa amri kwa mtu mmoja, ukitaka kuwaamuru wengi, uongeze -ni, na irabu a ya mwisho igeuke kuwa e. Soma, someni, andika, andikeni. Kisha, chini ya ukurasa, kama mtu aombaye radhi, huongeza kwamba vitenzi vitatu havifuati kanuni hiyo: kuja huwa njoo, kwenda huwa nenda, na kuleta huwa lete. Mwanafunzi hunakili, mwalimu hufuta ubao, na somo hugeukia jambo jingine. Sisi nasi tulifundisha hivyo kwa miaka kumi na mitano tangu tupate stashahada yetu ya ualimu, bila kujiuliza neno. Aliyetufanya tujiulize ni mtawa mmoja wa Meksiko, naye hakukusudia.

Ilikuwa mwaka 2019. Mtawa huyo alikuwa muuguzi, akingojea hati za kuvuka mpaka kwenda mashariki ya Kongo, ambako shirika lake lina zahanati. Aliambiwa kwamba huko bila Kiswahili hatafika mbali, na wakubwa wake wakatafuta mwalimu, wakaelekezwa kwetu. Nyumba yao haikuwa mbali na shule yetu, nje kidogo ya Kampala. Yeye hakuwa na fedha zake mwenyewe, nasi hatukuona vema kumtoza mtu aliyekuja kutibu wagonjwa. Basi tukaafikiana kubadilishana mali kwa mali: tumpe Kiswahili, atupe Kihispania. Kila Jumanne na kila Ijumaa, baada ya saa za shule, tuliketi chini ya mfenesi uliokuwa uani mwao, nusu ya saa kwa lugha yake na nusu kwa yetu.

Baadhi ya wenzetu shuleni walitucheka. Walitaka kujua mwalimu wa Kiswahili wa Uganda atakifanyia nini Kihispania. Tungeweza kuwajibu kwamba lugha hiyo si ngeni sana Afrika, kwani ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru wake mwaka 1968. Lakini jibu la kweli lilikuwa jingine. Tulikuwa tumefikia umri ambao mwalimu husahau kutojua kunavyouma. Tulitaka kuaibika tena, tukae upande ule wa mezani anakokaa mwanafunzi. Katika hilo hatukukosa tulichokitafuta, kama itakavyoonekana.

Sista alikuwa mtu wa kanuni. Katika juma la tatu alikuwa amekwisha kuelewa kwamba vitenzi vya silabi moja haviwezi kusimama peke yake katika amri, bali hubaki na ku- yake: kula! kunywa! Jambo hilo lilimpendeza mno. Alasiri ile mtoto wa bawabu alipita karibu na mfenesi akiviringisha gurudumu, naye Sista, akitaka kutuonyesha matunda ya kazi yetu, akamwita kwa sauti: “Kuja!”

Tulimkatiza kwa ukali kuliko ilivyostahili. “Si kuja, Sista. Njoo. Mtoto haitwi hivyo.”

Akauliza kwa nini. Ikiwa kula ni kula, na kunywa ni kunywa, kwa nini kuja isiwe kuja? Hatukuwa na jibu ila lile la walimu wote waliobanwa: ndivyo lugha ilivyo. Akaiweka kalamu yake chini, akatutazama, akacheka sana. “Basi ninyi nanyi,” akasema, “mna ven.”

Hapana budi tueleze kidogo mambo ya Kihispania, kwa maana hadithi yetu yote imefungwa humo. Katika lugha hiyo, amri kwa mtu mmoja uliyemzoea, yaani yule umwitaye tú, hupatikana kwa urahisi wa kushangaza. Umbo lake ni lile lile la kueleza kwamba yeye, mtu wa tatu, anatenda. Habla ni “anasema”, na habla ni “sema!” pia. Come ni “anakula”, nayo ni “kula!” Escribe ni “anaandika”, nayo ni “andika!” Hata vile vitenzi vyao vyenye vurugu, vinavyobadili irabu ya shina, hutii sheria hiyo bila ubishi: piensa, “fikiri”; duerme, “lala”; pide, “omba”. Ila viko vinane vilivyokataa. Sista alituandikia kwa mkono wake, nasi tukaandika Kiswahili juu ya kila kimoja: ven, njoo, ve, nenda, sal, toka, pon, weka, haz, fanya, di, sema, ten, shika, sé, uwe.

Tuliyatazama maneno hayo kwa muda. Yote yana silabi moja. Yamekatwa hata hayakatiki tena. Na baadhi yake, kwa sababu ya ufupi huo, yamegongana na maneno mengine: sal ni “toka”, lakini ni “chumvi” pia, sé ni “uwe”, lakini ni “najua” vile vile, ve ni “nenda”, na papo hapo ni “tazama”, di ni “sema”, nayo ni “nilitoa”. Tulimwuliza Sista, mtu aliye jikoni akisikia “sal” atajuaje kama ametakiwa atoke au alete chumvi. Akasema atajua kwa uso wa aliyesema.

Jambo jingine alilotueleza lilitufurahisha kuliko yote, nasi tunaliandika hapa hata kama ni pembeni ya njia. Kihispania hubandika kiwakilishi cha mtendwa mwishoni mwa amri: dime ni “niambie”, hazlo ni “ulifanye”. Sasa mtu akitaka kuibandika le kwenye sal, kumwamuru mwenzake atoke amkabili fulani, hutamka sal-le, l mbili zikisikika moja baada ya nyingine. Lakini akiandika, herufi ll katika lugha hiyo ni sauti nyingine kabisa, inayokaribia y yetu, na neno litasomwa visivyo. Akademia ya lugha iliyoko Madrid imekiri kwamba hakuna namna sahihi ya kuiandika amri hiyo. Ni amri ya kutamkwa tu. Sisi ambao mara nyingi hudhani kwamba lugha za Ulaya zilikwisha kupangwa zote vitabuni, tulipata faraja kidogo.

Akademia hiyo hiyo, mwaka 2017, ilikubali kwamba watu wa Hispania wakiwaambia wengine waende zao waweza kusema iros, ingawa vitabu vilikuwa vikitaka idos kwa miaka mingi. Midomo ilishinda. Na kitenzi kilichohusika ni kipi? Ni kwenda.

Hapo ndipo tulipoanza kuona. Tulirudi nyumbani jioni ile na karatasi ya Sista, tukaweka kando yake vitenzi vyetu vitatu. Njoo na ven. Nenda na ve. Kisha tukakumbuka lugha tuliyonyonya kwa mama. Katika Kiganda, kuja ni okujja, na amri yake, kwa kanuni, ingepaswa kufanana na kitenzi chake. Lakini hakuna Mganda asemaye hivyo. Husema jjangu. Tulikuwa tumelisema neno hilo maelfu ya mara pasipo kuona kwamba ni la ajabu. Tukaendelea: Wanyarwanda kuja kwao ni kuza, lakini wakimwita mtu husema ngwino. Waarabu kuja kwao ni ja'a, lakini amri yao hutoka katika shina jingine kabisa, nao husema ta'ala. Waamhara nao wana kitenzi chao, lakini wakiita husema na, bila uhusiano wowote na kitenzi hicho. Lugha za mbali hata hazisalimiani, na zote zimekosa utii katika neno moja. Mwanasarufi E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944 imewalea walimu wengi, alishiriki pia kuandika sarufi ya Kiganda iliyotoka mwaka 1954. Tuliazima zote mbili maktabani, tukaona njoo na jjangu zimeandikwa na kalamu moja, kila moja mahali pake.

Sababu yake, kwa kadiri tulivyoelewa, si fumbo. Maneno haya ndiyo yanayosemwa mara nyingi zaidi katika maisha ya mtu, na husemwa kwa haraka, uso kwa uso, aghalabu kwa mtoto. Mpini wa jembe huliwa pale mkono unaposhika. Waroma wa kale walikwisha kuyakata maneno yao: watoto wa shule za Kilatini walikaririshwa amri nne zilizopoteza irabu, dic, duc, fac na fer, yaani sema, ongoza, fanya, na chukua, na di ya Kihispania ni mjukuu wa dic ile. Tena neno linalosikika kila siku halihitaji kanuni ya kulikumbuka. Mtoto hulipokea zima kabla hajajua kwamba kuna vitenzi duniani. Neno lisemwalo mara moja kwa mwaka ndilo linalolazimika kufuata sheria, maana hakuna alikumbukaye kwa namna nyingine. Sista alitupa ushahidi mzuri: kitenzi decir, kusema, amri yake ni di; lakini bendecir, kubariki, ambacho ni kitenzi kile kile kilichoongezwa kiambishi, amri yake si fupi hivyo, ni bendice, sawa na kanuni.

Lililotushangaza zaidi ni mahali ambapo ukaidi huo hukoma. Waambie wengi, na Kihispania cha Hispania kitasema venid, salid, poned, haced, kwa kanuni safi; cha Meksiko kitasema vengan, nacho kina kanuni yake. Kataza badala ya kuamuru, na ven itatoweka: no vengas. Mpe mtu heshima, umwite usted badala ya tú, nayo itatoweka tena: venga, diga, ponga, salga, tenga, maumbo yanayozaliwa na vengo, digo na wenzake, isipokuwa machache kama vaya, sea na sepa. (Mojawapo la hayo machache ni haya, la kitenzi haber. Tulipolisikia mara ya kwanza tulidhani Sista anatuhimiza tuendelee.) Kwetu nako ni vivyo hivyo. Njoo, lakini usije. Nenda, lakini usiende. Lete, lakini usilete. Na katika Kiganda, jjangu ni ya mtu mmoja tu. Wakiwa wengi husemwa mujje, na kanuni imerudi. Kiswahili, lakini, kimemchukua mkaidi wake mpaka kwenye wingi kikamvika -ni: njooni. Kwa ufupi, maneno haya hukaa pale tu ambapo mmoja anamwita mmoja, anayemjua, aje au atende. Huko Argentina, ambako watu wa nyumba moja huitana vos, wameyanyoosha karibu yote: vení, poné, salí, hacé. Limebaki la kwenda tu, ambalo wameliazimia kitenzi kingine, wakasema andá.

Basi ikawa zamu yetu ya kuaibika. Katika nyumba ile alikuwamo mtawa mzee, mwenye miaka ipatayo themanini, naye Mmeksiko. Siku moja alikuja kutusalimu chini ya mfenesi, nasi kwa furaha ya kuwa na neno tayari mdomoni tukampisha kiti na kumwambia, “Ven, madre.” Mama yule alitabasamu, akaketi. Sista aliinamisha kichwa. Alipoondoka mzee tuliambiwa kwamba tumemwita kama aitwavyo mtoto wa jirani. Ilitupasa kusema venga. Amri ilikuwa sahihi kisarufi. Kosa lilikuwa katika kupima umbali uliopo baina yetu na mzee yule. Tukafikiri juu ya wanafunzi wetu ambao huturudishia kazi yenye alama zote, kisha wakamwambia mgeni wa shule, “Lete mkoba,” badala ya “Naomba mkoba wako nikuchukulie.” Kiswahili hakina usted. Heshima yetu huipitisha kwingineko: twasema uje, twasema hebu, twasema naomba, twasema tafadhali, hata katika sala Waswahili humwambia Mungu utupe, ambapo Wahispania humwamuru moja kwa moja, danos, kama mtoto amwambiavyo baba yake. Mambo haya hayamo katika ile mistari mitatu ya kanuni.

Lakini tulisema hapo juu kwamba tulimkatiza Sista kwa ukali, na ukali huo haukutoka katika sarufi.

Tulizaliwa mwaka 1981 katika kijiji kimoja cha Buganda, kaskazini ya Kampala, katika nchi iliyopitiwa na vita mpaka mwaka 1986. Hatuikumbuki vita yenyewe. Mama yetu anaikumbuka. Wasomaji wa jarida hili wanajua jinsi Kiswahili kilivyofika Uganda bara: kwa misafara ya biashara kwanza, kisha kwa bunduki, kambi na polisi. Gavana Gowers alipotaka mwaka 1927 kifundishwe shuleni, Kabaka Daudi Chwa alikipinga kwa maandishi mwaka 1929, na Waganda wengi pamoja naye. Serikali ya Idi Amin ikakitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo la namna hiyo, kutoka kwa mtangazaji wa namna hiyo, halikukisaidia. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Baraza la mawaziri likaamua mwaka 2022 kifundishwe katika shule zote. Hayo ni ya vitabuni. Nyumbani kwetu historia yote hiyo ilikuwa na maneno manane au tisa.

Tuliyajua siku tuliporudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Tulikuwa tumejaa Kiswahili mpaka kooni, kama walivyo vijana waliojifunza kitu kipya. Mdogo wetu alikuwa ameketi mlangoni, nasi tukamwambia kwa mzaha, kwa sauti ya juu, “Kuja hapa! Lete maji!” Hatukuwa na ubaya, wakati huo hata sisi wenyewe kuja lilikuwa likitutoka. Mama alikuwa ndani akimenya ndizi. Kisu kilianguka. Alipotoka mikono yake ilikuwa imeshikamana kifuani, akatazama barabarani kwanza, kisha akatutazama sisi. Hakutugombeza. Alisema tu kwa Kiganda kwamba nyumba hii imekwisha kuyasikia maneno hayo ya kutosha.

Baadaye, miaka mingi baadaye, alitutajia Kiswahili chake chote. Lete. Kuja. Toka. Simama. Lala chini. Fungua. Kaa. Funga mdomo. Kwenda! Tuliyaandika, kwa mazoea ya kazi, na ndipo tulipoona kwamba katika orodha ile hamna hata neno moja lenye kiambishi cha nafsi. Mama yetu aliishi na lugha hii kwa muda wa miaka mitano, na hakupata kusikia ninataka, unaitwa, tunakwenda, wamefika. Amri ni umbo lisilotaja mtendaji. Aliyefunzwa amri peke yake amefunzwa lugha isiyo na watu ndani yake.

Kwa hiyo tulipomweleza Sista, tulimweleza kwa uhakika mkubwa. Tulisema kwamba kuja ni amri ya askari. Ni Kiswahili kilichovuliwa nguo, lugha ya bwana shamba na ya kizuizi cha barabarani; asemaye kuja hakumjua anayemwita, alichukua kitenzi kama kilivyo kamusini, akakitupa usoni pa mtu. Njoo, tukasema, ni neno la mama. Tuliipenda nadharia yetu. Ilikuwa nzuri na ilituponya kidogo.

Sista alisikiliza, akanyamaza kwa muda, kisha akatueleza ya kwao. Bibi yake, mzaa mama, alikulia katika lugha ya Nahuatl, na Kihispania alichokijua utotoni mwake kilikuwa cha namna ile ile: lete, beba, ondoka. Mwaka 1492 mwanasarufi Nebrija alitoa sarufi ya kwanza ya Kihispania, na katika dibaji yake kwa malkia aliiunganisha lugha na utawala wa dola. Miaka 29 baadaye mji mkuu wa Waazteki ulikuwa umeanguka. Sista alisema kwamba hata leo mtoto wa Meksiko aliyelelewa vema, akiitwa na mama yake, haitiki kwa kuuliza “Nini?” Huitika kwa neno mande. Nalo ni nini? Ni amri, tena amri ya heshima, ya usted: “niamuru”. Wako Wameksiko wasemao kwamba neno hilo ni kovu la utumwa na lingefaa kuachwa. Wako wasemao ni adabu tu, na kwamba hakuna anayesikia tena amri ndani yake. Yeye mwenyewe, alisema, huitika mande kwa mama yake katika simu, na hataacha. Tukamwambia kwamba pwani ya Kiswahili mwanamke huitika abee au labeka, na mwanamume naam. Na kwamba labeka asili yake ni Kiarabu, “nipo nikutumikie”. Waganda huitika wangi. Tulicheka kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa mtumishi mahali fulani.

Hati zake zilikuja mwezi wa tano wa masomo yetu, akaondoka.

Nasi tulibadili namna ya kufundisha. Tulianza somo la amri kutoka chini ya ukurasa, kwa njoo, nenda na lete, tukaziacha kanuni zije baadaye kama wageni. Tukawapa wanafunzi kazi ya nyumbani: kila mmoja amwulize mzee wa kwao maneno ya Kiswahili anayoyajua, ayaandike bila kusahihisha. Madaftari yaliporudi tulikaa nayo usiku kucha. Lete, toka, simama, kamata, piga, lala, songa, kwenda. Daftari baada ya daftari, kana kwamba wote walikuwa wamenakili kwa mama yetu. Mmoja tu, binti mtulivu wa kiti cha nyuma, alileta neno tofauti. Jjajja wake alikumbuka askari mmoja kijana aliyepita nyumbani kwao baada ya mazishi, akasimama mlangoni, akasema “poleni”, akaenda zake. Binti aliuliza kama poleni nayo ni amri, maana ina -ni kama someni. Tulimjibu kwamba si kitenzi hata kidogo, ila imevaa kivazi cha amri ya wengi, sawa na karibuni. Akaandika. Lilikuwa swali bora kuliko yote tuliyoulizwa mwaka ule.

Kisha ukaja ujumbe kutoka Kivu. Sista alikuwa hajambo. Zahanati ina kazi nyingi. Kiswahili chake kinaeleweka ingawa watu humcheka kwa upole kwa kuwa anasema kama kitabu. Mwishoni aliandika jambo aliloliita habari mbaya kwa Mwalimu. Huko, alisema, mtu hasemi moja bali moya, hasemi kuja bali kuya. Na kila asubuhi, nje ya dirisha la zahanati, mama wakiwaita watoto wao waje wapakatwe, wapimwe, wafutwe kamasi, huwaita kwa neno hilo hilo: “Kuya! Kuya, mwana!” Njoo wanaijua, ndiyo, ya shuleni na ya kanisani. Lakini ile ya kubembelezea ni kuya.

Tulisoma barua ile mara tatu. Nadharia yetu yote ilikuwa imesimama juu ya mguu mmoja, na mguu huo ulikuwa umeondolewa na mama wa Kivu ambao hawakujua kwamba sisi tupo. Umbo lile lile tulilolishitaki, lililoangusha kisu cha mama yetu, ng'ambo ya mpaka lilikuwa limelelewa mpaka likawa neno la kumpakata mtoto. Hatukuweza tena kusema kwamba ubaya ulikuwa katika ku- iliyobaki. Darasani bado tunasahihisha kuja kuwa njoo, kwa kuwa mitihani inataka hivyo na kwa kuwa Kiswahili sanifu ni mali ya wote. Lakini hatusemi tena kwamba ni ya askari.

Tulipokwenda kijijini mwezi uliofuata tulimsimulia mama, naye sasa ni mzee wa miaka sabini na ushei. Alikuwa pale pale penye ndizi zake. Hakuonyesha kushangazwa na habari za Kivu. Alisema mama ni mama. Alichotaka kujua ni jambo jingine. Mtu akiitwa kwa Kiswahili, alituuliza, huitika vipi? Tulishindwa kumjibu mara moja, si kwa kutojua, bali kwa kuwa tulitambua kwamba katika Kiswahili alichokijua yeye hapakuwa na jibu la mwenye kuitwa. Hakuna aliyemsubiri aitike. Tukamwambia: kwa mwanamke, abee. Akalijaribu. Akasema linafanana na mlio wa mbuzi. Akatutaka tumwite tuone, nasi tukamwita kwa heshima zote, tukaanza na jina lake la nyumbani. Mjukuu wake aliyekuwa akicheza nyuma ya nyumba alidhani ameitwa yeye, akaja mbio, na mama akamkabidhi ndizi iliyomenywa aitie katika sufuria.